Gari la michezo la wazi

Gari la michezo la wazi ni gari dogo la mwendo kasi, kwa kawaida lenye viti viwili, ambalo halina paa la kudumu. Paa lake hukunjwa, huondolewa kwa mkono, au halipo kabisa. Magari mengi ya aina hii yana pacha mwenye paa la chuma: jina lilelile, injini ileile, taa zilezile. Ndiyo maana wapenzi wa magari wamebishana kwa miaka mingi kama kuondoa paa kunaharibu usanifu wa gari la michezo au la.

Swali hilo lina pande mbili ambazo mara nyingi huchanganywa. Upande mmoja ni wa uhandisi: je, gari linabaki imara, jepesi na lenye kutii usukani? Upande mwingine ni wa umbo: je, likitazamwa kwa ubavu bado linaonekana kuwa kitu kimoja kilichokamilika? Gari linaweza kushinda upande mmoja na kushindwa upande mwingine. Mifano iliyoelezwa hapa chini inaonyesha kwamba jambo lenye uzito zaidi ni wakati: kama wasanifu walilifikiria gari bila paa tangu mchoro wa kwanza, au kama paa lilikuja kukatwa baadaye.

Majina

Gari la michezo lenye paa la kudumu huitwa kupe. Rodsta ni gari la viti viwili lililokusudiwa tangu mwanzo kuendeshwa wazi. Kabrioleti ni gari ambalo kwa kawaida lilitanguliwa na toleo lenye paa, kisha likatengenezewa paa la kukunjwa, mara nyingi la turubai. Kampuni ya Ferrari na nyingine za Italia hupenda neno Spider. Targa ni gari ambalo kipande cha paa kilicho juu ya viti huondolewa, lakini upinde imara hubaki nyuma ya vichwa vya abiria. Watengenezaji hawayafuati majina haya kwa ukali, kwani jina huchaguliwa pia kwa sababu linauza.

Paa kama sehemu ya mwili wa gari

Chukua boksi la viatu ambalo mfuniko wake umegundishwa. Ukilishika kwa pembe na kujaribu kulisokota, linakataa. Ondoa mfuniko, nalo linajipinda kwa nguvu ya vidole tu. Gari la kisasa hufuata kanuni hiyohiyo. Magari mengi madogo hayana tena chesisi ya peke yake chini. Sakafu, nguzo, kuta na paa vimechomelewa pamoja kuwa mwili mmoja, na kila sehemu inabeba sehemu ya mzigo. Paa likikatwa, sanduku lililofungwa linakuwa trei.

Dereva hulitambua jambo hilo haraka kwenye barabara mbovu. Gurudumu moja likiingia shimoni, kioo cha mbele na usukani hutetemeka, na milango hulia ndani ya fremu zake. Kwa gari la kawaida hilo ni kero tu. Kwa gari la michezo ni kasoro kubwa zaidi, kwa kuwa springi na shokomzoba zilipimwa kwa kudhani kwamba zimefungwa kwenye kitu kisichojipinda. Mwili wenyewe ukianza kufanya kazi kama springi, gari huchelewa kujibu usukani unapogeuzwa.

Dawa yake inajulikana. Vizingiti, yaani sehemu ya bodi iliyo chini ya milango, hufanywa vinene. Vyuma vya kukingama huwekwa chini ya sakafu na nyuma ya viti. Nguzo za kioo cha mbele huingizwa bomba la chuma gumu ili zibebe uzito wa gari likipinduka. Vyote hivyo vina uzito, na ukiongeza mota na vyuma vya kukunja paa, gari la wazi mara nyingi huishia kuwa zito kuliko pacha wake mwenye paa. Jambo hili huwashangaza watu wengi, kwa sababu wanatarajia kwamba kitu kilichopunguzwa sehemu kitakuwa chepesi zaidi.

Msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kuuliza: mbona Land Cruiser za kubeba watalii katika Serengeti au Maasai Mara hukatwa paa na kuwekewa paa la kuinuliwa, na bado zinahimili njia za mbugani? Sababu ni kwamba gari hilo lina chesisi ya chuma chini yake, kama lori. Bodi imewekwa juu ya chesisi, na mzigo mkubwa wa msokoto hubebwa na chesisi hiyo. Hata magari mengi ya michezo ya kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia yalijengwa hivyo, na wakati huo kuwa wazi ilikuwa kawaida. Paa la chuma ndilo lililokuwa nyongeza.

Upepo nao una hesabu yake. Juu ya kupe, hewa hupanda kioo cha mbele, hufuata paa na kushuka taratibu hadi mkiani. Juu ya gari la wazi, hewa huachana na gari kwenye ukingo wa juu wa kioo, hujikunja nyuma ya viti na kurudi mbele, hivi kwamba abiria hupulizwa kisogoni na si usoni. Ndiyo sababu ya wavu mdogo unaosimamishwa nyuma ya viti katika kabrioleti nyingi.

Mstari wa paa

Kwa upande wa umbo, msanifu wa kupe kwa kawaida huanza na mstari mmoja mrefu unaotoka kwenye boneti, unapanda kioo, unapita juu ya dereva na kuteremka hadi mkiani. Mistari mingine yote hutii huo. Mstari huo ukikatwa katikati, vinabaki vipande viwili vya chini ambavyo havikuchorwa ili vikutane. Zaidi ya hayo, paa lililokunjwa lazima lilale mahali fulani, na mahali hapo ni nyuma ya viti. Hivyo mkia huinuliwa na kunenepeshwa, na gari lililoonekana kama linataka kuruka mbele huonekana kama limekaa kitako.

Audi TT ya kwanza ni mfano mzuri. Kupe yake, iliyoanza kuuzwa mwaka 1998, ilijulikana kwa paa la duara lililolingana na duara za magurudumu. Ukiliondoa, umeondoa nusu ya wazo. Wasanifu wa toleo la rodsta, lililofuata mwaka 1999, hawakujaribu kulificha pengo hilo. Waliweka pinde mbili za chuma nyuma ya viti ili duara ziendelee kuonekana, na kwa wateja waliotaka, viti vilivikwa ngozi iliyoshonwa kwa kamba nene kama glavu ya besiboli. Jicho lilipewa kitu kingine cha kutazama.

Kwa gari lenye injini katikati, tatizo ni la namna nyingine. Katika kupe ya Ferrari 458, injini huonekana kupitia kioo cha nyuma, kama saa ya thamani ndani ya kabati. Toleo la Spider la mwaka 2011 lina paa la alumini linalojikunja kwa sekunde 14 na kulala juu ya injini. Kioo kile kikapotea, na mahali pake pakawekwa kifuniko chenye vilima viwili nyuma ya vichwa. Mwenye gari huisikia injini vizuri zaidi lakini haioni tena.

Mercedes-Benz 300 SL

Hakuna gari linaloeleza suala hili vizuri kuliko Mercedes-Benz 300 SL, kwa sababu kwake paa, milango na fremu vilikuwa jambo moja. Asili yake ni gari la mashindano la mwaka 1952, lililoshinda mbio za Le Mans na za Carrera Panamericana nchini Meksiko mwaka huohuo. Rudolf Uhlenhaut na wahandisi wenzake walilijenga juu ya fremu ya mabomba membamba ya chuma yaliyounganishwa kwa pembetatu nyingi. Fremu hiyo ilikuwa nyepesi na imara sana, lakini ili ifanye kazi yake ilibidi ipande juu ubavuni, mahali ambapo mlango wa kawaida ungekaa.

Haikubaki nafasi ya mlango wa kufunguka kando. Wahandisi wakaukata mlango hadi ndani ya paa na kuziweka bawaba juu kabisa, karibu na mstari wa katikati. Milango yote miwili ikiwa wazi, gari hufanana na shakwe aliyetanua mabawa, na jina la mabawa ya shakwe likabaki hadi leo. Watu wengi hudhani milango hiyo ilibuniwa kwa ajili ya urembo. Ukweli ni kwamba ilikuwa njia ya kukwepa kizingiti kirefu.

Max Hoffman, mwagizaji wa magari aliyekuwa na makao New York, aliihimiza kampuni itengeneze toleo la barabarani, nalo likaonyeshwa katika mji huo mwezi Februari 1954. Zilitengenezwa kupe 1,400. Kisha, mwaka 1957, mahali pake pakachukuliwa na rodsta.

Hapo ndipo ugumu ulipojitokeza: paa likiondoka, bawaba hazina pa kushikwa. Haikuwezekana kuchukua msumeno na kukata. Ilibidi fremu ichorwe upya ubavuni, iteremshwe ili mlango wa kawaida upate nafasi, na iongezewe mabomba ya kuimarisha. Gari likawa zito zaidi. Lakini angalia kilichopatikana. Katika kupe, vioo vya milango havikuweza kuteremshwa. Viling'olewa vizima, na siku ya jua chumba kiligeuka tanuri. Rodsta ilikuwa na vioo vya kuteremsha, buti kubwa zaidi na mlango ambao mtu aliyevaa nguo nzuri aliweza kuupita bila sarakasi. Mhimili wa nyuma pia uliundwa upya, kwani ule wa kupe ulijulikana kwa kuufanya mkia uteleze ghafla dereva alipoachia mafuta katikati ya kona. Hadi mwaka 1963 zilitengenezwa rodsta 1,858.

Kama umbo, gari lilipoteza alama iliyolifanya litambulike duniani kote. Kama chombo cha kuendesha kila siku, liliboreka. Anayesema kwamba kuondoa paa kuliharibu 300 SL anazungumzia gari lililosimama kwenye maonyesho.

Jaguar: magari mawili, majibu mawili

Jaguar E-Type ilizinduliwa Geneva mwezi Machi 1961 ikiwa na matoleo mawili kwa pamoja, kupe na la wazi. Umbo lake ni kazi ya Malcolm Sayer, aliyekuwa mtaalamu wa mwendo wa hewa kabla ya kuwa mtu wa magari, na ambaye alichora kwa hesabu zaidi kuliko kwa penseli. Kabla yake alikuwa amechora D-Type, gari la mashindano lisilo na paa lililoshinda Le Mans mwaka 1955, 1956 na 1957. Hivyo sehemu ya chini ya E-Type, yaani boneti ndefu, kiuno kilichobanwa na mkia mwembamba, ni ya ukoo wa gari la wazi. Kilichoongezwa ni paa, hakikuondolewa kitu. Hata nguvu za mwili wake zilikuwa chini, katika vizingiti virefu na katika handaki pana la katikati linalopitisha shafti.

Matokeo yake ni kwamba watu wamegawanyika kuhusu toleo lipi ni zuri zaidi, na pande zote mbili zina hoja. Jumba la makumbusho la sanaa ya kisasa la New York, maarufu kwa kifupi MoMA, lilipoingiza E-Type katika mkusanyo wake mwaka 1996, lilichukua ya wazi. Kilicholiumiza gari hili kilikuwa paa lenyewe: mwaka 1966 ilitolewa kupe ya viti vinne, iliyorefushwa kwa takriban sentimita 23 na kuinuliwa paa ili abiria wa nyuma wapate pa kuweka vichwa. Wapenzi wengi wa E-Type huiona kuwa toleo lenye sura dhaifu kuliko yote.

Jaguar XJ-S ni kisa cha kinyume. Ilipokuwa ikiandaliwa, watengenezaji wengi waliamini kwamba sheria za usalama za Marekani zingeyapiga marufuku magari ya wazi. Imani hiyo ilikuwa na nguvu kiasi kwamba Cadillac iliitangaza Eldorado ya mwaka 1976 kuwa gari la mwisho la wazi la Marekani. Marufuku haikuja, lakini XJ-S ilikuwa imeshazaliwa mwaka 1975 kama kupe pekee, ikiwa na kuta mbili za mteremko zinazotoka nyuma ya paa hadi mwisho wa buti. Kuta hizo zilichukiwa na wengi, lakini ndizo zilizoyafunga mapande ya gari pamoja.

Kulifungua gari hilo kulichukua miaka mingi. Mwaka 1983 lilitoka toleo la nusu wazi: kuta za nyuma zilitolewa, lakini fremu za madirisha na upau wa kukingama juu ya viti vilibaki kwa ajili ya uimara. Lilionekana kama nyumba ambayo fundi ameondoka kabla ya kuezeka. Wakati huo warsha binafsi nchini Marekani zilikuwa zikizikata kupe kwa niaba ya wateja. Kabrioleti kamili ya kiwandani ilikuja mwaka 1988, ikiwa imeimarishwa chini kwa vyuma, na iliuzwa vizuri, hasa Marekani. Kwa jicho, mkia wake ni mrefu na bapa, na kile kilichounganisha kiti na mkia hakipo tena. Wanunuzi hawakujali, na soko la Marekani ndilo lililokuwa na jua la kutosha.

Porsche 911 na upinde wa Targa

Porsche 911 iliingia sokoni mwaka 1964 kama kupe yenye mgongo wa mviringo unaoteremka bila kukatika hadi kwenye bampa ya nyuma. Ni mgongo huo unaomfanya hata mtoto aitambue. Kampuni ilitaka toleo la wazi lakini iliogopa sheria za usalama zilizotarajiwa Marekani. Jibu lake, lililoonyeshwa Frankfurt mwaka 1965, lilikuwa upinde mpana wa chuma cha pua nyuma ya viti, ukiwa na kipande cha paa cha kuondolewa mbele yake. Jina Targa lilitokana na mbio za Targa Florio za Sicily.

Uzuri wa jibu hilo ni kwamba halikujifanya kupe. Upinde uliong'aa ulikiri wazi kwamba mgongo umekatwa hapa, na ukalifanya kovu kuwa pambo. Kabrioleti kamili ya 911 ilisubiri hadi mwaka 1982, na kwa muda mrefu turubai yake iliyofungwa ilionekana kama kofia iliyoazimwa. Katika kizazi kilichotoka mwishoni mwa mwaka 2011, turubai iliwekewa sahani za magnesi ndani ili ikifungwa ifuate mviringo wa kupe. Mwaka 2014 Porsche ilirudisha upinde wa Targa wa zamani, safari hii ukiwa na mitambo ya umeme inayoinua kioo chote cha nyuma ili kukificha kipande cha paa.

Magari yaliyochorwa bila paa

Mazda MX-5 ilionyeshwa Chicago mwezi Februari 1989. Wajapani walitaka kufufua rodsta nyepesi za Uingereza za miaka ya 1960, kama Lotus Elan, bila uvujaji wake wa mafuta. Toleo la kwanza lilikuwa na uzito usiofika kilo 1,000. Kwa kuwa halikuwahi kuwa kupe, hakuna mstari uliokatwa: kioo cha mbele ndicho kilele cha gari, na kila kitu nyuma yake kimeteremshwa kwa makusudi. Wahandisi waliunganisha gia na difu kwa fremu ya alumini inayopita katikati, na injini iliwekwa nyuma ya mstari wa magurudumu ya mbele ili uzito ukae katikati. Zaidi ya magari 1,000,000 yalikuwa yametengenezwa kufikia mwaka 2016, na hakuna gari lingine la michezo la wazi la viti viwili lililouzwa kwa wingi kama hilo.

Kwa BMW Z3, mambo yalikwenda kinyumenyume. Ilianza kama rodsta katikati ya miaka ya 1990, kisha kundi la wahandisi wa kampuni hiyo likataka bodi ngumu zaidi na kuichomelea paa. Uimara dhidi ya msokoto ulipanda zaidi ya mara mbili, na gari likasifiwa kwa uendeshaji. Sura yake ilizua utani: paa refu lilimwagikia nyuma kama la gari la kubebea mikate, na Wamarekani wakaliita kiatu cha mchekeshaji. Leo hutafutwa sana na wakusanyaji, kwa sababu ya sura ileile iliyochekwa.

Toyota 2000GT nayo inastahili kutajwa kwa sababu ya urefu wa mtu mmoja. Kupe hiyo, iliyotengenezwa pamoja na Yamaha kati ya 1967 na 1970, ilikuwa na kimo cha takriban sentimita 116. Ilipochaguliwa kwa filamu ya James Bond ya mwaka 1967, You Only Live Twice, ilibainika kwamba Sean Connery, mwenye kimo cha takriban sentimita 188, hatoshei ndani. Yakatengenezwa magari mawili yasiyo na paa kwa ajili ya filamu. Hayakuwa hata na paa la kukunja, na toleo la wazi halikuuzwa kamwe.

Paa la chuma linalokunjwa

Wazo la kuwa na kupe na gari la wazi katika chombo kimoja ni la zamani. Katika miaka ya 1930, Mfaransa Georges Paulin, ambaye kazi yake ya kawaida ilikuwa udaktari wa meno, alibuni paa la chuma linalozama ndani ya buti, na Peugeot ikalitumia. Ford ilijaribu tena kwa Skyliner kati ya 1957 na 1959. Lakini ni Mercedes-Benz SLK ya mwaka 1996 iliyolifanya kuwa jambo la kawaida.

Faida ni kubwa: kelele hupungua, mvua haivuji, na mwizi hawezi kuchana turubai kwa kisu. Hasara iko mkiani. Vipande vya chuma havikunjiki kama kitambaa, kwa hiyo buti lazima iwe ndefu na ya juu ili kuvimeza, na paa lenyewe lazima liwe fupi. Ndiyo maana magari mengi ya aina hiyo yana kioo cha mbele kilichovutwa nyuma hadi juu ya kichwa cha dereva, na anayekaa ndani hahisi kabisa kwamba yuko wazi. Kampuni kadhaa zimerudi kwenye turubai, ambayo sasa ina tabaka nyingi na huzuia kelele vizuri.

Nyuzi za kaboni

Teknolojia mpya zimeutenganisha upande wa uhandisi na ule wa umbo. Lotus Elise ya mwaka 1996 ilikuwa na chesisi ya alumini iliyogundishwa kwa gundi, yenye uzito wa takriban kilo 68, na nguvu zake zote zilikaa katika vizingiti vipana ambavyo abiria huvivuka kama anayeingia kwenye mtumbwi. McLaren MP4-12C ilikwenda mbali zaidi kwa kutumia beseni la nyuzi za kaboni la kilo 75 ambalo halikutegemea paa hata kidogo. Toleo la Spider la mwaka 2012 halikuhitaji kuimarishwa zaidi. Liliongezeka takriban kilo 40, nazo ni za paa na mitambo yake. Kioo chake kidogo cha nyuma huteremka peke yake hata paa likiwa limefungwa, ili siku ya mvua dereva aendelee kuisikia injini.